Albion, RuneScape, EVE au Sea of Thieves: ipi inamlinda mgeni bila kuua PvP?

mzee_wa_ping
Wakuu, habari za jioni. Wadogo zangu na marafiki zao wanataka gemu ya mtandaoni yenye PvP (mapigano kati ya wachezaji) ya kweli. Karibu wote wana simu tu. Ninachohofia ni wiki ya kwanza: kijana anakusanya vifaa siku nzima, anakutana na mkongwe, anaporwa kila kitu, kesho haonekani tena. Ila gemu ambayo hakuna wa kukugusa nayo wataichoka. Mngewaanzishia ipi?

binti_kisauni
Albion, tena bila kusita. Hatari imepakwa rangi kwenye ramani. Buluu huuawi na mchezaji, njano unaangushwa tu na vitu vyako vinabaki, nyekundu na nyeusi ukifa umepoteza ulichovaa na ulichobeba. Mgeni anajua kabla hajavuka lango. Na iko kwenye simu tangu 2021.

Kasoro yake ni kwamba kule kwenye usalama panalea mno. Mtu anachimba madini miezi bila kupigana na yeyote, halafu tamaa ya mali bora inamvuta nyekundu akiwa na seti yake moja ya gharama. Wapeleke mapema na vifaa vya bei rahisi, seti nyingine zikiwa benki.

kisumu_pilot
EVE, ile gemu ya meli za angani, waache kwanza, inataka kompyuta. Halafu watu hudhani mifumo ya nyota yenye usalama wa 0.5 hadi 1.0 ni salama. Si salama. CONCORD, polisi wa gemu, huadhibu, haizuii: anayekushambulia atalipuliwa, lakini meli yako ikiwa na mzigo wa maana, wapo wanaokubali kupoteza kimeli cha bei rahisi ili wenzao waokote kilichobaki.

fuvu_jekundu
Old School RuneScape, na nitaeleza kwa nini. Wilderness, yaani pori lake la PvP lililogawanywa kwa levo, haimtupi mgeni mbele ya jitu. Namba ya levo ya eneo unaposimama ndiyo tofauti inayoruhusiwa kati ya kombati zenu (levo za kupigana). Ukiwa na kombati 40 kwenye levo ya 5, wa kukushambulia ni wa 35 hadi 45 tu. Kila hatua kuelekea kaskazini pengo linapanuka, hivyo ni wewe unayechagua ukubwa wa adui.

Pili, fuvu. Ukianza kumpiga asiyekuchokoza, linatokea juu ya kichwa chako, na ukifa nalo unapoteza kwa kawaida kila kitu. Asiye nalo anabaki na vitu vyake vitatu vya thamani zaidi. Mchokozi ndiye anayeweka dau kubwa, na hilo ni haki.

Wanaodai PvP iondolewe kabisa wakumbuke: Jagex, watengenezaji wa RuneScape, waliondoa mapigano huru pale Desemba 2007, wachezaji wakalalamika hadi yakarudishwa Februari 2011.

nahodha_pemba
Sea of Thieves, gemu ya maharamia, haipo kwenye simu, lakini wazo lake nalipenda kuliko yote. Panga la mgeni lina makali sawa na la mkongwe, na ukizamishwa unapoteza hazina ambayo hujauza na akiba ya meli tu. Desemba 2023 wakaongeza bahari tulivu, Safer Seas, isiyo na wachezaji wengine, lakini malipo yalipunguzwa na kupanda cheo kukawekewa kikomo. Mtu anajifunza tanga na mizinga, kisha anatoka mwenyewe maana faida iko nje.

mzee_wa_ping
Ahsanteni sana. Kwa simu zimebaki mbili. @fuvu_jekundu, ukiwa na mgeni kabisa unamwanzaje?

fuvu_jekundu
Mkuu, mpeleke mji wa Edgeville, aruke ule mtaro wa kaskazini kuingia Wilderness akiwa na vitu vitatu tu vya maana. Kingine kiwe chakula. Asipite levo ya 20, kwa sababu juu ya hapo teleporti nyingi (njia za kuhama papo hapo) hazifanyi kazi. Na achague seva yenye ping (ucheleweshaji wa mtandao) ndogo, maana kwa bando letu nusu ya vifo ni kubofya chakula kikachelewa kuliwa.

binti_kisauni
Kwa upande wa Albion, wafungue akaunti kwenye seva ya Ulaya, ipo tangu 2024. Ile ya Marekani ni mbali mno kwetu.