Mgomo umeanza na nina watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Nishaurini

Chaki_Mkononi (Agosti 29, 2024)
Hamjambo wanajukwaa. Nafundisha Fizikia, shule ya kutwa ya kaunti ndogo. Tangu Jumatatu muhula ulipofunguliwa tuko nje na KUPPET, chama cha walimu wa sekondari hapa Kenya. Chama kile kingine cha walimu, KNUT, wamesitisha wao. Madai yetu mnayajua: awamu ya pili ya mkataba wa mishahara wa 2021-2025, kupandishwa vyeo, na walimu wanagenzi 46,000 wa sekondari msingi wapewe ajira ya kudumu. Naunga mkono yote. Lakini Kidato cha Nne hawajamaliza silabasi na wazazi wananipigia simu. Usingizi umenipaa. Nirudi darasani au nikae?

Mzee_wa_97
Kaa, mwanangu. Mwaka 1997, uchaguzi ukikaribia, tuliahidiwa nyongeza ya mshahara ya asilimia 150 hadi 200, kwa awamu. Awamu ya kwanza ikaja, mimi nikanunua redio. Zilizofuata zikakwama, na 1998 tukawa barabarani tena. Mwaka 2015 mahakama ikatupa asilimia 50 hadi 60, tukakaa nje wiki tano tukiidai, kisha Mahakama ya Rufaa ikaifuta Novemba. Ile redio ningali nayo.

Hesabu_Kali
Watu wanalaumu mgomo kana kwamba shule zilikuwa salama kabla yake. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari umewekwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Gawanya kwa kumi na mbili: 1,853 kwa mwezi, na humo kuna vitabu, maabara, stima, mlinzi. Wa msingi ni 1,420 kwa mwaka, yaani shilingi 118 kwa mwezi. Tena zikija zinakuja kwa vipande. Pengo linazibwa na mzazi, huku tunaimba kwamba shule ya kutwa ni bure tangu 2008. Mwalimu wa bodi, anayeajiriwa na shule yenyewe, analipwa na nani? Mzazi huyo huyo.

Mama_Kidato4
Hayo mahesabu mazuri, baba, lakini mwanangu anakaa KCSE Novemba. Yuko hapa anatazama mpira. Walimu mngegoma Aprili.

Kizibo
Mama, Aprili ni likizo. Ungejuaje kama wamegoma?

Wakili_wa_Mtaani
Mwalimu, kuna kitu hujasema. Kama swali ni kurudi au kutorudi, unaamka, unaenda, unatia sahihi kitabuni, basi. Usingizi unapaa kwa lipi?

Chaki_Mkononi
Simu tu za wazazi, wakili.

Wakili_wa_Mtaani
Wanapiga kusema nini?

Chaki_Mkononi
Sawa, niseme. Jumanne mzazi mmoja aliniomba nimwangalie mwanawe. Jumatano wakaja wengine. Leo wako kumi na mmoja sebuleni kwangu, na kila mzazi ametuma elfu moja kwa M-Pesa. Sikuitisha hata senti. Na kabla hamjaanza: mke wangu ndiye anayewapikia chai, siku za mgomo huenda nisilipwe, na mtihani haungoji mtu. Mimi nimegoma shule, sijagoma Fizikia.

Kizibo
Swichi kubwa imezimwa, mwalimu amejivutia waya wa pembeni. Somo limeeleweka.

Wakili_wa_Mtaani
Kifungu cha 41 cha Katiba kinakupa haki ya kugoma. Mwajiri naye halazimiki kukulipa siku ambazo hukufanya kazi. Mpaka hapo uko sawa. Ila Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizoni, na hao ni wanafunzi wako mwenyewe.

Kizibo
Mgomo si likizo, wakili. Rudi usome.

Mwanagenzi_JSS
Mimi nimekuwa mwanagenzi kwa posho isiyofika mbali. Mei tulipogoma tulitishwa kwa barua. Sasa nyinyi wenye ajira ya kudumu mnatumia jina letu kwenye mabango, halafu mchana mnauza vipindi sebuleni. Huo ni usaliti, hauna jina lingine.

Chaki_Mkononi
Usaliti? Mmoja wa hao kumi na mmoja ni mtoto wa kiongozi wetu wa chama tawini. Alimleta mwenyewe, usiku.

Hesabu_Kali
Hapo chumvi imezidi. Akaunti ina siku tatu, huu ndio uzi wake wa kwanza, na kila jibu linaongeza kitu cha kuwachafua walimu. Kesho mtausikia kwenye redio: "mwalimu mmoja alikiri mtandaoni". Nani amekutuma?

Mzee_wa_97
Hata mimi nilishangaa. Kiongozi wa chama alete mtoto usiku? Wa kwetu walikuwa wakiwapeleka shule za kibinafsi mchana kweupe.

Chaki_Mkononi
Sijatumwa. Nimefungua akaunti mpya kwa sababu wenzangu wananijua kwa ile ya zamani. Mnataka niweke ujumbe wa M-Pesa hapa na majina ya wazazi? Siweki.

Hesabu_Kali
Nilijua hutaweka.

Mwanagenzi_JSS
Kwa hivyo tunabishana na mtu asiyekuwepo? Nimepoteza data bure.

Mama_Kidato4
Awepo asiwepo. Mwalimu, kama uko kweli, kesho mnaanza saa ngapi, na uko upande gani?

Chaki_Mkononi
Mama, nimekujibu faraghani.