Mjadala: Asiye na leseni kwao aruhusiwe kumgusa mgonjwa ugenini?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tulizungumze hili kwa uwazi. Kila mwaka maelfu ya watu hufunga safari kwenda nchi nyingine kujitolea hospitalini. Wamo madaktari bingwa na wauguzi wazoefu, wamo wanafunzi, na wamo vijana waliomaliza sekondari juzi ambao wamelipa kampuni fedha nyingi ili wapokewe wodini.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Jambo ambalo sheria ya nchini kwako inakukataza kumfanyia mgonjwa, usimfanyie mgonjwa wa nchi nyingine, hata kama daktari wa zamu amekuruhusu kwa sababu kazi zimemzidi. Kama kwenu hujaruhusiwa kushona kidonda, huko ugenini pia usishone. Umaskini wa hospitali uliyoikuta haukuongezei elimu.

Tukumbuke yaliyotokea Jinja, Uganda. Renee Bach, Mmarekani ambaye hakuwa na taaluma ya tiba, alifungua kituo cha watoto wenye utapiamlo. Kati ya mwaka 2010 na 2015 kituo kilipokea watoto 940, na 105 kati yao wakafariki. Akina mama wawili walifungua kesi mwaka 2019, ikamalizwa kwa makubaliano ya fidia mwaka 2020 bila upande wake kukiri kosa. Watetezi wake wanasema watoto waliletwa wakiwa mahututi tayari, na kwa wengi wao inawezekana ilikuwa hivyo. Sitaki kumhukumu kwa kila kifo. Ninachouliza ni kwa nini mtu asiye na taaluma alikuwa na watoto wa namna ile mikononi mwake kwa miaka yote hiyo.

Utapiamlo mkali unadanganya macho. Mtoto amekonda, ngozi imelegea, unadhani amekauka maji, unakimbilia dripu. Kumbe moyo wake umedhoofika na maji yakiingia kwa kasi unaweza kusimama. Chakula nacho kina hatari yake, kwa sababu ukimshibisha ghafla chumvi za mwilini zinavurugika. Ndiyo maana siku za kwanza hupewa maziwa maalumu ya F-75, yenye nguvu ndogo, kisha polepole huhamishiwa F-100. Mtu mwenye huruma tupu hawezi kulijua hilo kwa kumtazama mtoto.

Naomba kuwasilisha.

Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne

Shikamoo kaka. Naona umetuchapa wote kwa fimbo moja.

Nilijitolea wiki sita katika wodi ya wazazi nchi ya mbali. Usiku mmoja mkunga alikuwa peke yake. Mama mmoja alikuwa anatokwa damu nyingi baada ya kujifungua, mkunga akawa kwake. Kitanda cha pili mama mwingine akaanza kusukuma. Ningesimama nimekunja mikono kwa sababu leseni yangu haijatoka? Nilimpokea yule mtoto. Alilia, na mama yake alinishika mkono mpaka alfajiri.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo mwaka 2030 dunia itapungukiwa wahudumu wa afya takriban milioni 11. Katika upungufu wa namna hiyo mnataka kutufungia mlango sisi tuliobakiza miaka miwili tu?

Muuguzi, wodi ya upasuaji

Mimi niko upande wa wanaopokea wageni, na sisi huwa hatuulizwi.

Kila kundi likifika naanza upya: hapa ndipo panawekwa sindano zilizotumika, mgonjwa huyu asiguswe kabla ya kutoa ridhaa, faili linarudi hapa. Nawatafsiria pia, kwa hiyo mzunguko wa asubuhi wa saa moja unakuwa wa saa mbili na nusu. Wakishazoea, wanaondoka.

Kuna mgonjwa sitamsahau. Daktari mgeni, mwenye sifa zake zote, alimfanyia upasuaji wa ngiri siku ya Ijumaa. Jumamosi timu ikapanda ndege. Jumanne kidonda kikaanza kutoa usaha. Nilifungua faili nikakuta mistari mitatu, tena kwa lugha ambayo daktari wetu hakuielewa. Hatukujua kama ameshonewa ndani ule wavu wa kuzuia ngiri isirudi au la. Aliyesimama mbele ya ndugu zake kujibu maswali ni mimi.

Sisemi wageni wasije. Wapo walionifundisha mambo ninayoyatumia mpaka leo. Lakini mdogo wangu, usiku ule wa mkunga mmoja, wewe ulikuwa na tiketi ya kurudi. Mtoto yule angepata shida, mkunga ndiye angeitwa kujieleza.

Daktari bingwa wa upasuaji

Dada muuguzi, habari ya mgonjwa wa ngiri inaumiza, na kosa lile ni letu sisi wenzake na yule daktari. Ila naomba mnisikilize.

Kuna mtoto anazaliwa na mdomo sungura mahali ambapo hakuna mpasuaji wa kumrekebisha. Ananyonya kwa shida, anakua akichekwa, shule anaiacha. Timu yetu ikija siku kumi, anapata mdomo wake. Mtoto wa jicho ni upasuaji wa dakika chache, na mzee aliyekuwa akishikwa mkono anarudi kutembea mwenyewe. Mercy Ships, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1978, wanafanya kazi hiyo kwa meli zenye vyumba vya upasuaji na wodi zake, na kwa miaka mingi waliojitolea humo walijilipia gharama za kuishi. Ebola ilipolipuka Afrika Magharibi mwaka 2014, Cuba ilipeleka madaktari na wauguzi zaidi ya 250 wakati wengine wakifunga mipaka.

Na wewe mleta mada, kanuni yako hainigusi kabisa. Leseni ninayo. Yule aliyefanya upasuaji wa ngiri naye alikuwa nayo. Sasa unatuambia nini?

Mleta mada

Marahaba mdogo wangu. Nianze na wewe.

Mtoto anayetoka hasubiri leseni ya mtu, na usiku ule ulifanya sawa. Dharura ikikukuta peke yako, saidia. Ninachokipinga ni ratiba inayokuweka mahali hapo kila usiku huku ikihesabu kwamba dharura itakukuta, na kampuni inayokutangazia kwamba utazalisha mama kabla hujafuzu. Mwaka 2010 jopo la wataalamu lilichapisha miongozo ya WEIGHT kuhusu mafunzo ya afya nje ya nchi. Inadai maandalizi kabla ya safari na usimamizi unaolingana na uwezo wa mwanafunzi, na inataka hospitali mwenyeji ifidiwe gharama za kumpokea. Ada uliyolipa, je, wodi ile ilipata chochote? Kuhusu watu milioni 11 wanaopungua, mwanafunzi wa wiki sita hapunguzi hata mmoja. Anayeupunguza upungufu huo ni anayeajiriwa na kubaki.

Daktari, hapo umenikamata. Leseni peke yake haitoshi, na nilivyoandika mwanzoni niliishia njiani. Habari ya dada muuguzi imenionyesha kilichobaki: mgeni akishaondoka, mgonjwa ni wa nani?

Tulishapata somo hili kwa gharama kubwa. Baada ya tetemeko la Haiti la mwaka 2010 timu za kigeni zilimiminika. Nyingi ziliokoa watu kwa kweli, lakini baadhi zilikata miguu na mikono ya majeruhi na kuondoka bila kuacha kumbukumbu za kutosha wala mtu wa kuwaangalia. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likatoa viwango vya chini kwa timu za tiba za kigeni wakati wa maafa, na kuzigawa kwa madaraja kulingana na kile zinachoweza kufanya. Ikiwa katikati ya vifusi tunadai utaratibu, siku za kawaida tunashindwa nini?

Na njia nyingine ipo. Mwaka 2012 Rwanda ilianzisha mpango uliopangwa kwa miaka 7 ambapo vyuo vikuu vya Marekani vilipeleka wahadhiri wa udaktari na uuguzi. Mgeni aliunganishwa na mwenyeji wafanye kazi pamoja, na hesabu ilikuwa wageni wapungue kadiri wenyeji wanavyoongezeka. Yapo yaliyokwenda vizuri na yapo yaliyokwama, lakini serikali mwenyeji ndiyo iliyosema inataka nani na kwa muda gani.

Kwa timu za siku kumi nataka mambo matatu. Daktari mwenyeji awemo chumba cha upasuaji na jina lake liwe kwenye faili. Siku za mwisho zisiwe za upasuaji mkubwa, ziachwe kwa kuangalia vidonda. Na faili liandikwe kwa lugha ya watakaobaki.

Muuguzi, wodi ya upasuaji

Ongeza la nne. Daktari, orodha ya wagonjwa wa siku hizo kumi huwa inapangwa na nani?

Daktari bingwa wa upasuaji

Sisi. Tunaletewa picha, tunachagua kabla hatujasafiri, tukifika tunaanza. Sijawahi kumuuliza muuguzi wa wodi ni yupi kati yao anaweza kurudi kidonda kikiharibika, na ni yupi anaishi mbali kiasi kwamba hatarudi.

Muuguzi, wodi ya upasuaji

Sisi tunawajua. Safari ijayo tuandikieni mwezi mmoja kabla.