Windows 11, Ubuntu na Mac nyumba moja: Samba, NFS, Syncthing au LocalSend?

fundi_seva
Wakuu, nyumba ikiwa na Windows 11, Ubuntu 24.04, MacBook na simu mbili tatu, njia za kushea mafaili ni nyingi lakini hazilingani. Naweka msimamo wangu kwanza, mnikosoe: Samba kwenye mashine moja tu inayokaa imewashwa, nyingine zote ziwe wateja wake. Kila kompyuta ikishea kwa kila kompyuta, unabaki na akaunti na ruhusa za kutunza kila mahali, na siku ikigoma hujui pa kuanzia.

Naichagua SMB, itifaki ya kushea mafaili ambayo Samba huitumia, kwa sababu Windows, macOS na programu ya Files ya iPhone zinaielewa bila kusakinisha chochote. Kwenye Android, Material Files au Solid Explorer inatosha. Ubuntu ikiwa ndiyo seva:

sudo apt install samba wsdd-server
sudo groupadd familia
sudo mkdir -p /srv/nyumbani
sudo chgrp familia /srv/nyumbani
sudo chmod 2770 /srv/nyumbani
sudo adduser asha
sudo usermod -aG familia asha
sudo smbpasswd -a asha

Mwisho wa /etc/samba/smb.conf ongeza:

[nyumbani]
path = /srv/nyumbani
valid users = @familia
read only = no
create mask = 0660
directory mask = 2770

Endesha testparm uone kama kuna kosa la uandishi, kisha sudo systemctl restart smbd. Kama ufw (fayawoli ya Ubuntu) imewashwa: sudo ufw allow Samba.

Wengi huanguka hapa: Samba ina nenosiri lake, tofauti na lile la kuingilia Ubuntu. Bila smbpasswd, mtumiaji huyo hatambuliki. Pia folda isikae ndani ya /home. Tangu Ubuntu 21.04 folda ya mtumiaji mpya inaundwa na ruhusa 750, kwa hiyo mwenzake anazuiwa njiani hata kama folda ya ndani iko wazi. Na ile 2 ya 2770 ndiyo inayofanya kila faili jipya lirithi kundi la familia. Ukiiacha, Asha ataweka faili, Juma ataona jina lake tu na kulifungua hataweza.

mzee_wa_nfs
Mkuu, nakubali kwa nyumba mchanganyiko, ila kati ya Linux na Linux usiwanyime watu NFS, njia ya kushea mafaili ya asili ya Unix. Mstari mmoja kwenye /etc/exports unatosha:

/srv/nyumbani 192.168.1.0/24(rw,sync,no_subtree_check)

Halafu sudo exportfs -ra. Umiliki na ruhusa za Unix zinabaki kama zilivyo, jambo ambalo SMB hulifanya kwa kuzunguka.

Tatizo lake ni utambulisho. Katika mpangilio huu NFS haiulizi nenosiri, inaamini UID, yaani namba ya mtumiaji kwenye Linux, inayoletwa na mteja. Kama 1000 kwenye laptop ni Asha na kwenye seva 1000 ni Juma, kila atakachoandika Asha kitahesabiwa ni cha Juma. Kagua kwa id -u pande zote mbili kabla hujaunganisha. Mac nayo itakataliwa mpaka uongeze neno insecure kwenye yale mabano, kwa kuwa inaomba kupitia mlango ulio juu ya 1024. Na Windows Home haina kabisa mteja wa NFS, hapo usijisumbue.

kijana_wa_kebo
Wakuu, seva inafunguka vizuri kwenye Mac, ila Windows 11 Pro 24H2 inagoma kwa 0x80070035. Ping inapita. Nianzie wapi?

fundi_seva
Anza na namba, jina liache kwanza. Andika \\192.168.1.10\nyumbani kwenye File Explorer. Ikifunguka, shida ni ugunduzi tu: hakikisha wsdd (inayoitangaza seva kwa Windows) inaendesha na mtandao kwenye Windows umewekwa Private. Isipofunguka, fungua PowerShell:

Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445

Mstari wa TcpTestSucceeded ukisema False, ni fayawoli, VPN iliyoachwa wazi, au uko kwenye Wi-Fi ya wageni, ambayo ruta nyingi huzuia vifaa visionane ingawa intaneti inapatikana. Ping usiitegemee sana: inaweza kupita huku 445 (mlango wa SMB) imefungwa, au ikazuiwa huku 445 iko wazi.

Ukisema True, hamia kwenye utambulisho. 24H2 ya Pro inadai kila pakiti ya SMB iwe na saini, na mgeni asiye na nenosiri hawezi kusaini. Folda ya guest ok = yes iliyokuwa ikifunguka zamani sasa inagonga mwamba hapo. Dawa ni akaunti halisi. Tafadhali usiwashe SMB1: ndiyo itifaki ya zamani ambayo kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017, Windows 10 iliacha kuja nayo tangu toleo la 1709, na Samba imeizima tangu 4.11.

bi_terminali
Nyongeza kwa kijana: ukishajaribu jina moja likakataliwa, Windows inaweza kuendelea kulishikilia. Ukiona kosa 1219, maana yake tayari umeunganishwa na seva ileile kwa jina lingine. Funga kila kitu kwa net use * /delete, futa lililohifadhiwa kwa cmdkey /delete:192.168.1.10, ndipo uingie upya.

Na kwa wanaofanya Windows iwe seva: PIN haifanyi kazi kwenye mtandao, lazima nenosiri. Ni rahisi zaidi kuunda akaunti ya ndani maalumu kwa kushea kuliko kuhangaika na akaunti ya Microsoft ambayo jina lake ni barua pepe.

Kwa Mac, weka haya kwenye [global] kwa mpangilio huuhuu, fruit itangulie streams_xattr:

vfs objects = catia fruit streams_xattr
fruit:metadata = stream

Bila hayo folda itajaa mafaili yanayoanza na ._ ambayo watu wa Windows watayaona kama takataka.

kijana_wa_kebo
Shukrani dada, ilikuwa ni guest. Asha kaingia kwa nenosiri lake. Swali la mwisho: laptop zinazotoka nje ya nyumba na picha za simu, bado Samba?

mzee_wa_nfs
Laptop inayotoka, Syncthing. Kila mashine inabaki na nakala yake na zinalinganishwa zikikutana, kwa hiyo kazi haisimami. Watu wawili wakihariri faili moja kabla hazijakutana, utapata nakala yenye sync-conflict kwenye jina. Hakuna kinachopotea ila lazima mtu azisome zote mbili. Kwenye Android programu rasmi ilisitishwa Desemba 2024, tumia Syncthing-Fork. Wala usiihesabu kuwa hifadhi ya akiba: ukifuta faili huku, linafutika na kule, isipokuwa umewasha utunzaji wa matoleo.

Picha ishirini za mara moja, LocalSend, inayotuma moja kwa moja kati ya vifaa vya mtandao wa nyumbani. Haili bando, haina akaunti. Isipoona kifaa cha pili, ruhusu mlango 53317, TCP na UDP.

bi_terminali
Kijana, kabla hujalaumu njia yoyote kuwa ni ya polepole, nakili faili la GB 1 ukiwa kwenye kebo. Ikikwama kwenye MB 11 hivi kwa sekunde, hiyo ni Mbps 100. Ama mlango wa ruta ndio mwisho wake, ama kebo imeungwa jozi mbili tu kati ya nne. Kwenye Ubuntu, sudo ethtool na jina la kadi ya mtandao itakuonyesha Speed. Kadi na ruta zote zikiwa za gigabiti na bado inasoma 100, kata vichwa vya kebo uvibane upya, waya zote nane.