Mrejesho: maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni

Wakuu, asanteni. Niliuliza kama mgongo unaouma hadi kwenye unyayo lazima upigwe MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku). Daktari hakuanza na picha. Alinilaza chali, akauinua mguu ukiwa umenyooka. Haujafika mbali, maumivu yakachoma kama shoti ya umeme kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu. Kisha akanitembeza kwa visigino. Anahisi diski (ule mto laini kati ya pingili za mgongo) imebana neva, yaani mshipa wa fahamu. Kwa kuwa mkojo naumudu, sina ganzi sehemu za siri wala mguu haujalegea, MRI isubiri kwanza. Nimepewa dawa za kutuliza maumivu na mazoezi ya fiziotherapia, kulala kutwa marufuku (hapo ndipo kazi ilipokuwa!). Sasa maumivu yanaishia pajani, na mtaalamu wa mazoezi anasema maumivu kurudi juu hivyo kutoka unyayoni ni dalili njema. Kukaa muda mrefu bado kunanitesa.