Mrejesho: virutubisho vya nyongeza kwa nguruwe wangu mwenye mimba
Niliuliza hapa kama nimwongezee nguruwe wangu mwenye mimba madini ya chuma, ili watoto wasizaliwe na upungufu wa damu. Ninawashukuru kwa dhati wote mlionijibu, na hasa aliyenieleza kwamba chuma anachokula mama hupita kwa kiasi kidogo sana kwenye kondo na kwenye maziwa, kwa hiyo watoto wenyewe ndio wanaopaswa kuchomwa sindano ya chuma katika siku za mwanzo za maisha yao.

Niliacha mpango huo. Daktari wa mifugo alipokagua chakula, alikuta upungufu wa kalisi na fosforasi, tukaongeza chokaa ya mifugo na mchanganyiko wa vitamini na madini kwa kipimo chake, bila kuzidisha, kwa kuwa vitamini A ikizidi hudhuru mimba. Katika wiki 3 za mwisho tulimwongezea chakula, na karibu na kuzaa tukampa pumba zaidi na maji mengi ili asifunge choo.

Alizaa siku ya 115, watoto 11, wote hai. Sindano ya chuma walipata siku ya 3, na wananyonya vizuri.