MJADALA: Serikali itokane na wabunge kama Botswana, au tubaki na kura mbili, ya mbunge na ya Rais?

Tandahimba

Ndugu zangu wa Kusini mwa Tanzania, jambo hili linanisumbua tangu Ijumaa ile ya tarehe 1 Novemba 2024. Nilikuwa ghalani kwenye chama chetu cha msingi, magunia yangu sita ya korosho hayajapanda mzani, redio ya karani ikatangaza kuwa Rais Mokgweetsi Masisi wa Botswana amempigia simu mpinzani wake, Duma Boko, na kukubali kushindwa. Hesabu ya kura hata haijaisha! Siku hiyohiyo Boko akaapishwa. BDP, chama kilichotawala tangu uhuru wa 1966, kimetoka na viti 4 kati ya 61. UDC, muungano wa upinzani wa Boko, imechukua 36. Almasi imekosa soko, vijana hawana kazi, watu wamechoka.

Mzee mmoja aliyekalia gunia lake akaniuliza, "Mjomba, kura ya Rais walipiga lini hao?"

Hawakupiga. Kule unachagua mbunge na diwani, basi. Chama kikipata zaidi ya nusu ya viti, mgombea wake ndiye Rais. Mtu wa Maun akimwangusha mbunge wake, kura hiyohiyo imefika mpaka Ikulu ya Gaborone.

Sisi je? Mwaka 2015 tulibadilisha. Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga, Kilwa Kusini, kote huko tulipeleka wabunge wa CUF, chama cha upinzani. Serikali ikabaki ileile ya CCM. Halafu ikaja Juni 2018, ilipoondolewa ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, iliyokuwa inarudi kuhudumia zao. Wabunge wengi wa Lindi na Mtwara walisimama kupinga, wa CCM na wa CUF kwa sauti moja. Tuliwasikia, tukawaombea dua. Walishindwa. Na Katiba yetu inasema Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Mbunge gani atathubutu?

Mwaka uliofuata salfa, dawa ya mikorosho, niliipata kwa mkopo, nikachelewa wiki mbili. Kuna mkorosho wa marehemu baba karibu na kisima, ndio unaobeba kuliko yote. Nilivuta tawi moja, unga mweupe ukanijaa mkononi pamoja na maua makavu. Ugonjwa wa ubwiri unga ulishapita.

Kwa hiyo nasema wazi: Katiba mpya ikiandikwa, serikali itokane na Bunge. Mbunge wangu awe na uwezo wa kuiangusha, asiishie kuiomba.

Masasi

Kaka, pole kwa mkorosho wa mzee. Ila hapo kwenye viti umeruka kitu. BDP walipata takribani asilimia 30 ya kura, wakaambulia viti 4. UDC hawakufika asilimia 40, leo ndio serikali. Hao watu wa asilimia 30 wako wapi bungeni? Kura ya Rais ya kwetu angalau inahesabiwa kichwa kwa kichwa, ya Nanyumbu sawa na ya Mwanza.

Tena mfumo huo tulishaupitia. Uhuru wa 1961 ulimkuta Mwalimu ni Waziri Mkuu, chama chake kina Bunge. Januari 1962 akamwachia Kawawa, na Desemba tukawa Jamhuri yenye Rais.

Na hesabu nyingine: Mtwara ina majimbo 10, Lindi 8. Jumla 18 katika majimbo 264 ya uchaguzi wa 2020. Nani atatuangalia? Wataungana wa mikoa mikubwa wagawane serikali, sisi tubaki na korosho zetu.

Ruangwa

Jimbo letu lilitoa Waziri Mkuu, Majaliwa, kuanzia 2015 hadi 2025. Tuliyoyapata tunayaona, lami ya barabara ya Nanganga ipo. Lakini tuseme kweli: aliteuliwa na Rais, Bunge likathibitisha tu. Bunge likipiga kura ya kutokuwa na imani naye, anaondoka yeye na Rais anabaki. Botswana, Bunge likiikataa serikali, Rais ajiuzulu au wote warudi kwa wananchi. Hapo ndipo mimi namuelewa ndugu wa Tandahimba.

Tandahimba

Mdogo wangu wa Masasi, kwenye asilimia 30 umenishika, sina jibu zuri. Labda viti vingine vigawanywe kwa kura za chama. Nakubali.

Lakini hiyo 18 yako ndiyo hoja yangu. Umeona ni ndogo kwa sababu umezoea Bunge ambalo upande mmoja umejaa mpaka mlangoni. Tazama Boko: kwa viti vya majimbo ana 36, na nusu inavukwa kwa 31. Wabunge wake 6 tu wakigoma, lazima akae nao chini. Sita! Sisi tuna 18, na wengi wao walikuwa na neno moja kuhusu korosho.

Tarehe 27 Novemba 2024 tulichagua wenyeviti wa vijiji na mitaa. Huyo akitukosea tunajua pa kumpata, anapita mbele ya nyumba zetu kila siku. Mbunge wa mfumo huu akisimama akashindwa, namlaumu nani?

Ndiyo maana nakuuliza, na nataka unijibu kama mkulima mwenzangu: ungekuwa mbunge wetu ile Juni 2018, kura yako ungeipeleka wapi, ukijua haimwangushi mtu isipokuwa wewe mwenyewe?