Usiku kucha behewa moja na watu tusiowajua, India

Muulizaji (Umoja): Habari zenu. Mwezi ujao nampeleka mama India kwa matibabu. Tutashuka Delhi, kisha treni ya usiku hadi Mumbai. Ana miaka 67 na magoti yanamsumbua. Treni niliyoizoea ni ya Syokimau kwenda Mombasa, ya kukaa tu. Je, tutalala na wanaume wageni karibu yetu?

Jibu (Pangani): Pole kwa mama, dada. Inategemea daraja. La kwanza lenye kiyoyozi lina vyumba vya mlango, vitanda viwili au vinne. La pili ni pazia tu. La tatu ni wazi, vitanda vitatu kwenda juu, wake kwa waume. Mimi na mke wangu tulipanda hilo. Kitanda cha kati hufunguliwa saa nne usiku. Kabla ya hapo wote mnaketi pamoja chini, na hapo ndipo vyakula hutolewa. Bibi mmoja alitupa chapati na achari ya embe, nami sikuwa na cha kumrudishia. Bado inaniuma. Beba korosho.

Jibu (South B): Jaza umri wa mama unapokata tiketi. Wanawake wa miaka 45 na zaidi hupewa kitanda cha chini kikiwepo. Asipande ngazi na magoti hayo!

Muulizaji: Asanteni sana. Nachukua la pili. Shuka je?

Jibu (Pangani): Shuka, mto na blanketi vipo. Mbebee leso yake hata hivyo, ajisikie yuko kwake.